Vilango vya Moyo Vinapovuja

Barua imetufikia kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mwandishi wake, ambaye ameomba jina lisichapishwe, aeleza kwamba baba yao mwenye umri wa miaka 76 alikuwa akizimia kila apandapo mwinuko mdogo tu. Wana wa jamaa hiyo, baada ya vikao vingi, waliuza ng'ombe, wakachangishana, wakampeleka mzee ng'ambo, ambako aliwekewa valvu mpya ya moyo pasipo kupasuliwa kifua. Mzee amerudi, na sasa anatembea hadi sokoni. Lakini katika karatasi za hospitali mmeandikwa kwamba valvu hiyo inavuja kidogo pembeni, na tangu kijana mmoja wa jamaa asomeaye uganga wa hospitali awafasirie maneno hayo, nyumba haina raha. Baba mdogo asema ng'ombe wamekwenda bure. Mwandishi auliza mambo mawili. Je, mzee ataishi? Na je, binti yake wa miaka 11, ambaye mwaka jana alivimba goti, likapoa, kisha akavimba kiwiko, naye aanze kuwekewa akiba ya safari kama ile ya babu yake?

Maswali haya yafanana kwa sura tu. Moyo wa mzee na moyo wa mtoto huharibiwa na maradhi mbalimbali, na tiba ya mmoja siyo tiba ya mwingine. Tuanze na mzee, kwa heshima ya umri, ingawa swali la pili ndilo lenye haraka.

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne na valvu nne, yaani vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu bila kurudi. Kwa siku moja vilango hivyo hufunguka na kufungwa yapata mara 100,000. Kimojawapo kimekaa katika mlango wa mshipa mkuu, ule ambao madaktari huuita aota, upelekao damu mwilini kote. Kina vipande vitatu vyembamba kama karatasi. Uzee uingiapo, kwa baadhi ya watu vipande hivyo hujijenga chokaa, vikawa vigumu mithili ya kigae, na njia ya damu ikasonga. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi mwaka hata mwaka, na nyama yake hunenepa na kukakamaa kama mkono wa mhunzi. Kwa muda mrefu mgonjwa hasikii kitu. Kisha huja dalili tatu: kifua kubana, kuzimia, na kuishiwa pumzi. Zikishatokea hizo, hakuna kidonge wala mzizi uwezao kuifungua valvu iliyogeuka jiwe. Dawa ni kuweka nyingine.

Kazi hiyo ya kuweka nyingine si ngeni. Mwaka 1960 daktari mpasuaji Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, walifaulu kumwekea mgonjwa valvu ya kutengenezwa, nayo ilikuwa ni gololi ndani ya kizimba. Lakini upasuaji wa namna hiyo wataka kifua kifunguliwe, moyo usimamishwe, na mashine ishike kazi ya moyo kwa muda wote huo. Kijana huweza kuvumilia. Mzee mwenye mapafu dhaifu na figo zilizochoka, aghalabu madaktari walimwangalia wakatikisa kichwa.

Ndipo ikazuka fikra ya kupitia kwenye mshipa. Mwaka 1989 daktari wa Denmark, Henning Rud Andersen, alishona valvu ndani ya kizimba cha waya, akakikunja kikawa chembamba, akakipeleka kwa mrija hadi ndani ya mwili wa nguruwe aliye hai, na huko kikafunguka na kufanya kazi. Wengi walimcheka. Miaka kumi na mitatu ikapita. Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Profesa Alain Cribier alifanya jambo hilo kwa mwanadamu, mtu wa miaka 57 ambaye alikuwa karibu na kukata roho na ambaye hakuna mpasuaji aliyethubutu kumgusa. Mgonjwa huyo alipata nafuu ya haraka, kisha akafariki baada ya miezi minne kwa matatizo mengine, valvu yake ikiwa bado inafanya kazi. Leo njia hiyo hutumiwa kwa maelfu kwa maelfu ya wazee kila mwaka katika nchi zenye uwezo.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wa Simiyu yumkini watapenda kulisikia. Vipande vya baadhi ya valvu hizo hushonwa kwa ngozi laini ifunikayo moyo wa ng'ombe. Kwa hiyo huenda jamaa ya Bariadi imeuza ng'ombe na mzee amerudi na kipande cha ng'ombe kifuani, ambalo si badiliko baya. Aina nyingine hushonwa kwa ngozi ya nguruwe, na mgonjwa ambaye dini yake inamtaka ajue hilo ana haki ya kumwuliza daktari mapema, siyo baada ya kazi kwisha.

Sasa huo uvujaji. Mpasuaji afunguaye kifua huikata valvu ya zamani, huitoa yote, na kuishona mpya kwa nyuzi kuzunguka ukingo wake wote. Mwenye kutumia mrija hakati wala hashoni. Huipeleka mpya ikiwa imekunjwa, aghalabu kutoka kwenye mshipa wa paja, akaifungulia ndani ya ile ya zamani, na mpya ikashikwa kwa kubanana tu na ile chokaa iliyoizunguka. Ile ya zamani hubaki, imesukumwa ukutani.

Mwananchi aliyewahi kuona lambo likijengwa ataelewa upesi. Mnaweza kuweka lango zuri la chuma, lisilopitisha hata tone katikati. Lakini ikiwa saruji ya fremu haikushikana sawasawa na udongo wa tuta, maji yatatafuta njia ubavuni. Ndivyo ilivyo kwa moyo wa mzee: tundu la asili si duara kamili, ni la mviringo wa yai, chokaa imejijenga kwa mabonge, huku nyingi, huku kidogo, na penye bonge, kizimba cha waya hakikai kikagusana na ukuta. Damu iliyokwisha kusukumwa nje hurudi kupitia mwanya huo. Valvu yenyewe ni nzima, haina kosa. Ndiyo maana karatasi ilisema pembeni, na neno hilo ndilo lililopaswa kusomwa kwanza.

Je, mwanya huo huua? Swali hili limewashughulisha mabingwa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nasi tutaeleza walichokiona.

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioitwa PARTNER. Wagonjwa 358, wote wazee ambao wapasuaji walikuwa wamekataa kuwapasua, waligawanywa kwa kura: nusu wakawekewa valvu kwa mrija, nusu wakatunzwa kwa njia za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, miongoni mwa waliotunzwa kwa njia za kawaida walikuwa wamefariki 50.7 katika kila 100. Kwa waliowekewa valvu, 30.7. Walipofuatiliwa hadi miaka mitano, wale wa kwanza walikuwa wamefariki karibu wote, 93.6 katika 100, na hawa wa pili 71.8. Msomaji asishtushwe na ukubwa wa hesabu ya mwisho. Walikuwa watu wa miaka zaidi ya 80, wenye maradhi juu ya maradhi. Yatazamwe yale yaliyowapata wenzao.

Katika uchunguzi huohuo ndipo uvujaji ulipojitokeza. Kwa valvu za wakati ule, yapata 12 katika kila wagonjwa 100 walikuwa na uvujaji wa pembeni wa kiasi cha wastani au mkubwa. Na taarifa ya mwaka 2012, baada ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wale waliolinganishwa na waliopasuliwa, ilisema jambo lililowaogofya wengi: hata wenye uvujaji mdogo walifariki kwa wingi zaidi kuliko wasiovuja kabisa. Naamini ni taarifa hiyo, au kitabu kilichoinakili, ambayo kijana wa Bariadi aliisoma.

Kwa nini uvujaji mdogo uwe na madhara? Kuna watu wengi ambao valvu zao huvuja kwa miaka 20, nao wanalima pamba, wanapanda baiskeli, wala hawajui. Siri imo katika mwendo wa mambo. Valvu ianzapo kuvuja polepole, moyo hupata nafasi ya kujipanua, kama mfuko wa ngozi ulainikao kwa kutumiwa. Damu inayorudi hupata pa kukaa. Lakini moyo wa mzee ambaye valvu yake ilisonga umekwisha kukakamaa na chumba chake kimekuwa kidogo. Asubuhi moja, kwa dakika chache, msongo unaondolewa na mahali pake panawekwa mrejesho wa damu. Chumba kile kigumu hakina pa kuiweka hata vijiko vichache vya ziada. Shinikizo hupanda, likarudi nyuma hadi mapafuni, na mgonjwa akakosa pumzi usiku. Tena, mishipa ilishayo nyama ya moyo wenyewe hujaa damu wakati moyo unapopumzika. Damu ikivuja wakati huo, chakula cha moyo hupungua.

Hata hivyo yapo mabishano, na ni ya haki. Mgonjwa mwenye chokaa nyingi na mbaya ndiye avujaye zaidi, na mgonjwa huyohuyo ndiye aliyekuwa mahututi zaidi tangu mwanzo. Je, aliyemwua ni mwanya, au ni ugonjwa uliosababisha mwanya? Kwa uvujaji wa wastani na mkubwa, wataalamu wanakubaliana kwamba mwanya wenyewe una hatia. Kwa uvujaji mdogo hawajakubaliana, na chunguzi za baadaye za valvu mpya zaidi hazikuona kwamba mdogo ulipunguza maisha kwa namna ileile katika mwaka wa kwanza.

Valvu nazo zimebadilika. Zile za leo zimevishwa kitambaa kwa nje, upande wa chini, mfano wa sketi, kikiziba mianya. Tena sasa tundu la mgonjwa hupimwa kwa picha za mashine ya CT kabla ya kazi, ili valvu isiwe ndogo kuliko mlango wake. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 1,000 ambao hali zao hazikuwa mbaya sana, wenye uvujaji wa wastani au mkubwa baada ya siku 30 hawakufika hata mmoja katika 100. Uvujaji mdogo bado ulikuwepo kwa wengi kuliko kwa waliopasuliwa. Na baada ya miaka mitano, kwa taarifa ya mwaka 2023, waliokuwa wamefariki ni 10 katika 100 kwa mrija na 8.2 kwa upasuaji, tofauti ambayo wachunguzi hawakuihesabu kuwa ya hakika.

Basi kwa mzee wa Bariadi jibu letu ni hili. Ikiwa karatasi yasema kidogo, na pumzi yake ni nzuri, na anatembea hadi sokoni, ng'ombe hawakwenda bure hata kidogo. Mtu mwenye valvu iliyosonga ambaye amekwisha kuanza kuzimia huishi kwa hesabu fupi mno asipotibiwa. Baba mdogo ana haki ya kuwahuzunikia ng'ombe wake, lakini hesabu yake haikuanza mahali panapofaa. Kinachotakiwa sasa ni kumpima moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile iitwayo eko, mara moja kila mwaka, na daktari alinganishe picha ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kwa watu wa Simiyu hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Karatasi za ng'ambo ziende pamoja na mzee, zote, na ile kadi ndogo iandikwayo aina na ukubwa wa valvu isikae sandukuni bali itembee naye.

Dalili za kumrudisha hospitali upesi ni kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu kuvimba, kuzimia tena, homa isiyoeleweka ya zaidi ya siku chache, na mkojo kuwa wa rangi ya chai nzito pamoja na weupe wa macho na viganja. Hii ya mwisho husahauliwa: damu ipitapo kwa kasi katika mwanya mwembamba, chembe zake huchanika, na mgonjwa akapungukiwa damu. Uvujaji ukikua, upo uwezekano wa kuitanua valvu tena, kuingiza ya pili ndani ya ya kwanza, au kuziba mwanya kwa kizibo kidogo kipelekwacho kwa mrija. Kuhusu meno: kabla ya kung'olewa jino, mzee amwambie daktari wa meno kwamba ana valvu ya kuwekwa, ili apewe dawa ya kuua vijidudu mapema. Kijidudu kutoka kinywani huweza kwenda kukaa juu ya valvu hiyo, na hilo ni balaa kubwa kuliko mwanya.

Sasa tumgeukie mtoto.

Goti lililovimba na kupoa, kisha kiwiko, katika mtoto wa miaka 11, si jambo la kuwekewa akiba. Ni jambo la kupelekwa hospitali juma hili. Yawezekana ni selimundu, ambayo ni nyingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na huumiza viungo vilevile. Kipimo cha damu kitaonyesha. Lakini viungo vinavyopokezana maumivu namna hiyo ndiyo alama maarufu ya homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huanzia kooni. Mtoto hupata mafindofindo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoko, koo lapona lenyewe, na wiki mbili tatu baadaye askari wa mwili, waliokuwa wakipigana na bakteria, hukosea adui na kuzishambulia nyama za mwili wenyewe. Viungo huvimba, kisha hupona kabisa. Moyo hauponi kabisa. Vilango vyake huachwa na makovu, na kila mafindofindo yanaporudi, makovu huongezeka, hata vilango vikashindwa kufunga au kufunguka.

Haya ndiyo maradhi ya vilango vya moyo yatuhusuyo sisi. Chokaa ya uzee hupatikana kwetu, lakini katika Afrika wenye vilango vibovu wengi ni vijana. Uchunguzi uitwao REMEDY, ambao matokeo yake ya miaka miwili yalitangazwa mwaka 2016, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 3,300 wa baridi yabisi ya moyo katika nchi 14, zikiwemo jirani zetu Kenya na Uganda. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili walifariki 16.9 katika kila 100, na umri wa katikati wa waliofariki haukuzidi sana miaka 28. Linganisheni na wazee wa miaka 80 tuliowataja. Huko wanabishania mwanya wa milimita chache katika kifua cha babu. Huku anayekufa ni mama wa watoto wawili.

Na hapa ndipo jibu la swali la pili linapokuwa chungu. Hata kama fedha zingepatikana, valvu ya mrija kama ya babu haimfai mtoto huyu. Tumeona kwamba valvu ile hushikwa na chokaa. Kilango kilichoharibiwa na baridi yabisi kwa kijana aghalabu hakina chokaa. Ni laini, kimelegea, kinavuja, na valvu mpya ingekosa pa kushika, ikateleza. Tena kilango kiharibiwacho zaidi na baridi yabisi si kile cha aota, bali kile kilicho kati ya vyumba viwili vya kushoto, ambacho umbo lake ni gumu zaidi kwa kazi hiyo. Na valvu za ngozi ya mnyama huchakaa upesi katika mwili wa kijana. Chombo kilibuniwa kwa ajili ya wazee wa nchi tajiri, na si ajabu kwamba kinawafaa wao. Huko Afrika ya Kusini, katika mji uleule wa Cape Town ambako Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mwaka 1967, Profesa Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakitengeneza valvu za mrija zenye kuwalenga wagonjwa wa baridi yabisi. Twawatakia mafanikio. Mtoto wa Bariadi hawezi kungoja.

Kwa bahati njema, mwenye moyo ulioanza tu kuguswa ana dawa, nayo ni ya zamani, tena si ghali: penisilini ya benzathini, sindano moja ya nyamani kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, aghalabu hadi mtoto avuke umri wa miaka 21. Kazi yake si kuponya kovu lililokwisha kuwapo, bali kuzuia mafindofindo yasirudi kuongeza jingine. Huko kaskazini mwa Uganda walichukuliwa watoto na vijana 818 ambao mashine ya eko ilikuwa imeonyesha dalili za mwanzo, wao wenyewe wakiwa hawajisikii ugonjwa wowote. Nusu walipewa sindano, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa katika wenye sindano hawakufika mmoja katika 100. Katika wasiopewa walikuwa 8.2.

Sikio la daktari peke yake halitoshi kuwagundua watoto hao. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, wachunguzi waliwapima watoto wa shule nchini Msumbiji: kwa kusikiliza kifua walipata wagonjwa kama wawili katika kila 1,000; kwa eko walipata 30. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba moyo wa mtoto unasikika vizuri, ashukuru, kisha aombe barua ya rufaa ya kupimwa kwa eko, hasa ikiwa viungo viliwahi kuvimba.

Simiyu ni mkoa wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022. Wengi wao ni wakulima wa pamba na wafugaji, wakaao mbali na barabara ya lami. Sindano ya kila wiki ya nne maana yake ni safari 13 kwa mwaka, na nyingine huangukia msimu wa palizi au siku ambayo mto umefurika. Aliyeandika barua aliuliza juu ya akiba. Akiba ipo, na iwe ya nauli hizo 13. Na kalenda ya ukutani itiwe alama, kwa kuwa mtoto asiyeumwa popote, ambaye sindano ile inamwuma paja siku mbili, atakuwa na sababu nyingi za kusahau.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Katika nyumba nyingi, mtoto aliyeumwa koo mara kwa mara hupelekwa kukatwa kimeo. Wako wazee wanaoheshimika wafanyao kazi hiyo, nao huamini kuwa wanasaidia. Kimeo hakina hatia. Kukikata hakuondoi streptokoko kooni, bali humwaga damu, na kisu huweza kuleta vijidudu vingine, huku siku za kutoa penisilini zikipita. Koo lenye homa, maumivu wakati wa kumeza, na tezi za shingo kuvimba, bila mafua wala kikohozi, lipelekwe zahanati.

Wapo ambao tumechelewa nao. Kwa hao nchi yetu imesogea mbele. Kabla ya mwaka 2008, mgonjwa aliyehitaji kufunguliwa moyo alipelekwa India, akisubiri zamu ambayo wengi haikuwafikia. Mwaka huo upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapohapo Dar es Salaam, ambako vilango hubadilishwa kwa upasuaji, na vile vilivyosonga kwa makovu huweza kutanuliwa kwa puto lipelekwalo kwa mrija, njia iliyobuniwa na Mjapani Kanji Inoue katika miaka ya 1980. Kwa kijana aliyesongwa kilango, puto hilo ndilo mrija umfaao. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na jamaa ipange mapema nani atafuatana na mgonjwa na nani atabaki na watoto.

Kijana akiwekewa valvu ya chuma, itadumu, lakini atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote. Kipimo cha damu hufanywa kila mara ili kiasi kisipungue akapata kiharusi, wala kisizidi akatokwa damu. Dawa mpya zaidi ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa baridi yabisi ambao mapigo yao ya moyo yamevurugika, na mwaka 2022 ikaonekana kwamba warfarini ya zamani ndiyo iliyookoa maisha ya wengi zaidi. Mtu asiibadili kwa ushauri wa dukani. Mboga za majani kama mchicha na matembele hupunguza nguvu ya dawa hii. Mgonjwa asiache mboga, bali ale kiasi kilekile kila juma, asifunge mwezi mzima kisha akazila kwa pupa mvua zinyeshapo.

Kwa mwanamke kijana jambo ni zito zaidi, na bora lisemwe kabla ya upasuaji. Warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha ghafla huweza kuiziba valvu kwa damu iliyoganda na kumwua mama. Kwa hiyo msichana atarajiaye kuolewa aketi na daktari, na ikiwezekana pamoja na mchumba wake na mama mkwe, wachague kati ya valvu ya chuma na ile ya ngozi ya mnyama, ambayo kwa kawaida haitaki warfarini ya kudumu lakini itachakaa na kutaka upasuaji wa pili. Aliyekwisha kuwekewa ya chuma, siku ile tu hedhi inapochelewa, aende kliniki akiwa na kadi yake, na asiiache dawa njiani.